Maziwa ya Wiki ya Kwanza ya Mvua

Morogoro, 4 Agosti 2024

Shangazi Nyanjige,

Mwangaluka, sengi, shangazi yangu. Baba ameniambia masikio yako yamekataa kabisa kusikia simu sasa, na kwamba simu yako umeigeuza tochi ya kumulikia zizi. Basi nitaandika. Barua nitaipa basi la Bariadi, baba ataipokea pale stendi ya Somanda na kuipakia kwenye gari la Mwandoya. Ikichelewa, umlaumu mdogo wako Mayige.

Krismasi uliniuliza nasoma nini hasa huku chuoni. Nikakujibu, "Mambo ya seli," ukaguna. Mguno ule umenisumbua karibu miezi minane, kwa hiyo leo najibu vizuri. Ninafuga ng'ombe. Usicheke kwanza. Kabla wewe hujazaliwa, katika nchi ya mbali, alichinjwa maksai mmoja, na wataalamu wakachukua kipande cha figo lake. Mwili wote umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo jicho halivioni bila darubini. Seli za figo lile wakazitia kwenye chupa, wakazilisha, nazo zikakua na kugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Mpaka leo zinagawanyika. Mimi ninazo chupa arobaini ndani ya kabati lenye joto la mwili wa ng'ombe. Maksai yule hakuacha ndama hata mmoja, lakini figo lake limeizunguka dunia.

Ninachotafuta ni hiki. Ndani ya kila seli kuna vitu vidogo zaidi vinaitwa mitokondria, ndivyo vinavyoipa seli nguvu. Seli ina jiko kubwa linalopika karibu protini zake zote. Mitokondria nazo zina jiko lao dogo, la kwao peke yao, linapika aina kumi na tatu tu. Seli huchukua kama saa ishirini kutoka kuzaliwa mpaka kugawanyika. Je, jiko lile dogo linawaka muda wote huo, au lina saa yake? Kazi yangu nzima ni swali hilo moja.

Nakusalimu wewe na zizi lote.

Milembe


Mwandoya, 13 Agosti 2024

Milembe mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Wabeja, asante sana. Hakuna aliyewahi kunieleza kitu cha shule kama mtu mwenye akili. Yule mwalimu wangu wa darasa la saba alikuwa anaandika ubaoni huku ametupa mgongo.

Kumbe maksai anaweza kupata wajukuu! Nimemwambia Apolonia, jirani yangu, akasema hayo ni mambo ya waganga. Nikamwambia waganga gani wana kabati la joto na chupa arobaini, na wamefundishwa na serikali? Milembe, wewe ulikuwa unaogopa kukamua. Ulikuwa unasimama nje ya zizi na viatu vyako vya kanisani. Leo una ng'ombe wengi kuliko ukoo wetu mzima wa Mihayo.

Sasa nijibu. Je, wanafahamiana wale wa chupa moja? Wakifa mnajuaje? Na wanakula nini? Mfugaji akikueleza mifugo yake asikwambie inakula nini, hajakueleza kitu.

Hapa majani yamekwisha, tunawapeleka mbali. Mtamba wangu mwekundu ana mimba ya kwanza, atazaa mvua zikikaribia. Bado sijampa jina. Jina natoa akizaa.

Shangazi yako,
Nyanjige


Morogoro, 27 Agosti 2024

Shangazi,

Nimekipata! Nakuandikia wewe kabla ya baba.

Ugumu ulikuwa hivi. Katika chupa moja seli ni za umri wote, nyingine imezaliwa sasa hivi, nyingine iko karibu kugawanyika. Ukipima jiko dogo unapima mchanganyiko tu. Kwa hiyo nilizipanga ziwe rika moja, zote zianze safari pamoja. Kisha kila saa nikachukua chupa, nikazima jiko kubwa kwa dawa, nikatia chakula chenye alama na kupima ni alama kiasi gani imeingia kwenye mapishi ya mitokondria. Saa ya kwanza kidogo. Saa ya tano kidogo. Saa ya kumi na nne, shangazi, imepanda mara tatu! Halafu ikashuka. Nimerudia mara mbili, imekuwa vilevile, ukiacha chupa moja iliyoharibika.

Dk. Selestini, msimamizi wangu, ni mtu asiyetabasamu. Aliiangalia karatasi, akaichukua, akaenda kumwonyesha mwenzake wa chumba cha pili. Nimepangiwa kutetea tasnifu yangu tarehe 22 Novemba. Nikifaulu kuna nafasi ya uzamivu inanisubiri, ya mtu mmoja tu, na jina langu ndilo la kwanza.

Kuhusu chakula, ni cha kununua. Kinakuja kimegandishwa kwenye barafu. Na ndiyo, wa chupa moja wanashikana.

Milembe


Mwandoya, 5 Septemba 2024

Mwanangu Milembe,

Nimelia. Siandiki hivyo ili ujisikie vizuri. Nimelia kwelikweli mpaka mwanangu Januarius akadhani nimepata habari ya msiba.

Jumapili baada ya misa nilisimama kwenye matangazo ya akina mama, nikasema mtoto wa mdogo wangu Mayige amegundua saa ambayo nguvu ya mwili inapikwa, na saa yenyewe ni ya kumi na nne. Walipiga vigelegele. Hawakuelewa, na mimi sikuelewa sana, lakini vigelegele vilikuwa vya kweli. Mtamba wangu akizaa nitamwita Kilele, kwa ile saa yako iliyopanda. Nimekwisha kuwaambia watu wote.

Hujajibu kitu kimoja. Uliwapangaje rika moja? Mimi nina ng'ombe kumi na mmoja, na sijawahi kupata hata wawili wakazaa siku moja. Wewe una maelfu na wote wanaanza pamoja kama watoto wa shule wakisikia kengele. Nifundishe.

Nyanjige


Morogoro, 14 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Asante kwa vigelegele. Kuhusu rika, kuna njia ya kitaalamu, ndefu kidogo kuieleza kwa barua. Nikija nitakuonyesha kwa mchoro. Sasa hivi naandika tasnifu mchana kutwa, mgongo unauma. Msalimie Januarius.

Milembe


Mwandoya, 22 Septemba 2024

Milembe,

Ulinieleza figo la maksai aliyekufa kabla sijazaliwa nikaelewa. Ulinieleza jiko ndani ya jiko nikaelewa. Leo kupanga rika tu ndiko kumekuwa kurefu?

Nimelea watoto sita, wanne wangu na wawili wa baba yako. Mtoto anayejibu kwa kifupi namjua. Sema.

Shangazi yako


Morogoro, 2 Oktoba 2024

Shangazi,

Basi nasema.

Chakula chao ni maji ya damu ya ndama. Ndama ambaye hajazaliwa. Huko nje, machinjioni, ng'ombe akichinjwa na kukutwa na mimba, damu ya yule ndama inakusanywa, inasafishwa na kugandishwa, na maabara karibu zote za dunia zinainunua. Seli haziishi vizuri bila hiyo. Sikukuambia kwa sababu nakumbuka nikiwa mdogo ulivyomfukuza mchinjaji kwa fimbo mpaka barabarani, alipotaka kununua ng'ombe wako mwenye mimba. Nimekaa na jambo hili miaka miwili, nikifungua kila chupa nakukumbuka.

Na rika nililipanga kwa chakula hichohicho. Nilizinyima siku mbili. Seli ikikosa chakula inasimama mwanzoni mwa safari, haisongi mbele. Zote zikisha kusimama, nazirudishia chakula kwa mpigo mmoja, na zote zinaanza pamoja. Saa ya kumi na nne ninaihesabu tangu nilipozilisha.

Sasa unajua. Kama hutaki tena nikuandikie habari za ng'ombe wangu, nitaelewa.

Milembe wako


Mwandoya, 28 Oktoba 2024

Milembe,

Nimechelewa makusudi. Kwanza nilikasirika, halafu nikawa na kazi, halafu nikakosa namna ya kuanza. Naanza na hili.

Mwaka ule wa ukame, wewe uko huko chuoni, nilikuwa na ng'ombe mweusi mwenye mimba ya miezi saba. Alilala hakuinuka. Tulimwinua kwa miti siku tatu, mimi na Januarius na vijana wa Apolonia, anasimama kidogo anaanguka. Siku ya nne nilisema achinjwe. Ni mimi niliyesema, mwanangu, si mtu mwingine. Ndama alikuwa ndani, ameshaota manyoya. Nilimzika mwenyewe ili mbwa wasimpate. Baba yako hajui, niliwaambia amekufa tu. Kwa hiyo usinifiche mambo ya damu ukidhani mimi sijawahi kuiona. Kama wale mama zao wamekwisha kuchinjwa kwa nyama, na damu ya watoto wao inafundisha watu, afadhali hivyo kuliko yule wangu aliyekwenda ardhini bila kumfundisha mtu. Ila usiimwage hovyo. Hilo tu nakuomba.

Sasa hili la pili, ambalo limeninyima raha.

Unaukumbuka ukuta wangu wa jikoni, ule wenye mistari ya mkaa? Kila ng'ombe ana mahali pake. Kila siku nachora mstari mmoja kwa kila kikombe cha bati anachotoa. Lakini mvua ikianza, wiki nzima ya kwanza sichori. Maziwa ya wiki hiyo tunakunywa tu, na ukutani hayaendi. Nyie watoto mlidhani ni mwiko wa bibi. Si mwiko, ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka Januarius anaoa nilikuwa na ng'ombe wawili wa kukamua, Madoa na Kijivu, na mmoja alitakiwa aende kwenye mahari. Kiangazi kilikuwa kimewakausha wote. Mvua ikanyesha, majani yakachipua, nikachora. Madoa alitoa vikombe saba, Kijivu vinne. Nikampeleka Kijivu kwa wakwe, nikabaki na Madoa wangu nikijiona mjanja. Baada ya mwezi Madoa alikuwa anatoa vikombe viwili. Kumbe ile saba haikuwa yake, ilikuwa ya njaa iliyokutana na majani. Kijivu amelisha nyumba ya watu miaka mitano. Mama mkwe wa Januarius kila tukikutana ananishukuru, na mimi kila akinishukuru nameza mate.

Wewe umewanyima siku mbili, ukawarudishia kwa mpigo, wakapika mno. Sijui seli. Nakuuliza tu kama mtu aliyewahi kumpeleka Kijivu. Ile saa ya kumi na nne ni ya kwao, au ni ya njaa?

Nyanjige


Morogoro, 6 Novemba 2024

Shangazi,

Pole sana kwa yule ng'ombe mweusi. Baba sitamwambia.

Kuhusu swali lako, njia ya kuzinyima seli chakula inatumika katika maabara nyingi na imeandikwa vitabuni. Tasnifu imeshachapwa na kujaladiwa. Ninatetea tarehe 22 kama ilivyopangwa. Baada ya hapo nitakuja Mwandoya kupumzika.

Wako mtiifu,
Milembe Mayige Mihayo


Mwandoya, 14 Novemba 2024

Mwanangu,

Umesaini majina matatu kama unaniandikia benki. Sawa, nimekusikia.

Habari za hapa. Kilele amezaa wiki iliyopita, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Jumapili mvua ikashuka, ya kwanza. Kilele anatoa maziwa mpaka kikombe kinamwagika, na Januarius kila asubuhi ananipa mkaa ananiambia nichore. Sijachora.

Jumapili hiyohiyo baada ya misa nilisimama tena kwenye matangazo. Niliwaambia, akina mama, lile nililowaambia kuhusu saa ya kumi na nne mliweke pembeni kwanza, nililisema mapema. Apolonia akauliza kwa sauti, hata mimi nilimsoma midomo, "Kwa hiyo mtoto kakosea?" Nikasema mtoto hajakosea, mimi ndiye niliyechora kabla wiki haijapita. Walicheka sana. Waache wacheke, nimechekwa kwa mambo makubwa kuliko hilo.

Sikufanya hivyo ili nikulazimishe. Mimi sijui vitabu. Kama vitabu vinasema ni sawa, nenda kaitetee, nami nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini nimefikiri, huenda unaogopa kurudi nyuma kwa sababu mimi nilitangaza na nikataja ng'ombe. Basi nilichotangaza nimekiondoa. Kwa upande wangu uko huru kabisa.

Shangazi yako anayekupenda,
Nyanjige


Morogoro, 21 Novemba 2024

Sengi wangu,

Barua yako ilifika jana asubuhi. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa maabara, kisha nikaingia nikakaa chini, sakafuni, katikati ya makabati.

Nilikuambia kuna chupa moja iliharibika. Haikuharibika, shangazi. Chupa namba tisa niliinyima chakula kama nyingine, nikairudishia kama nyingine, lakini niliitia dawa inayozuia seli kuendelea na safari ya kugawanyika. Seli zake zilikuwa zimekwama palepale, hazikwenda popote. Kama kilele ni cha safari, chupa ile isingekuwa nacho. Ilikuwa nacho. Saa ya kumi na nne, mara tatu, sawa na wenzake. Niliiona mwezi wa nane, nikaandika pembeni ya daftari kwamba imeharibika. Nilikuwa nimefurahi mno, sikutaka kuiamini. Na ulipouliza swali lako bila kuijua ile chupa, bila darubini, kutoka Mwandoya, nilikuchukia siku nzima.

Jana mchana nilikwenda kwa Dk. Selestini na daftari. Nikamwonyesha namba tisa. Alivua miwani, akasoma ukurasa ule mara mbili, nikatamani anifokee. Akauliza, "Nani amekushtua?" Nikasema shangazi yangu, ana ng'ombe kumi na mmoja. Nikamweleza ukuta, Madoa na Kijivu. Alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Swali hilo lilipaswa kuulizwa na mimi."

Kesho sitetei. Nafasi ya uzamivu haiwezi kusubiri, itapewa wa pili kwenye orodha. Nimelia kwa ajili yake, sitakuficha. Lakini nililala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu Agosti.

Kuna njia nyingine. Seli inapokaribia kugawanyika hujikusanya ikawa duara na kulegeza mkono wake kwenye chupa. Ukitikisa chupa taratibu, hizo tu ndizo zinaachia. Nyingine zinabaki zimeshika. Nitazikusanya hizo, chache chache, ambazo zimefika zenyewe bila kunyimwa kitu. Ni kazi ya miezi.

Mimi, Milembe tu


Morogoro, 2 Desemba 2024

Mama Nyanjige Mihayo,
Mwandoya, Meatu.

Shikamoo mama. Mimi ni Selestini Ngassa, msimamizi wa Milembe. Uniwie radhi kwa kukuandikia bila kufahamiana.

Nimefundisha miaka ishirini na miwili. Nimeona wanafunzi wengi wakipata matokeo mazuri, na wachache sana wakiyarudisha wenyewe siku mbili kabla ya kutetea. Nilitaka mtu wa nyumbani kwao alijue hilo, maana yeye hatakuambia ni jambo kubwa kiasi gani.

Pia nilitaka kukuuliza. Je, baada ya ile wiki ya kwanza, unarudi kuchora kila siku, au unamwangalia ng'ombe kwanza siku kadhaa? Nauliza kwa sababu ninaandaa somo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza juu ya namna ya kupima kitu bila kukibughudhi, na ningependa kuwaeleza ukuta wako, ukiniruhusu.

Kwa heshima kubwa,
S. Ngassa


Mwandoya, 15 Desemba 2024

Mwanangu Selestini,

Marahaba. Unayeandika vizuri hivi, mama yako alikulea.

Nachora siku ya nane, bila kungoja zaidi. Ukingoja mno unaanza kuchagua siku unazozipenda. Ukuta waeleze wanafunzi wako, nimeruhusu, ila waambie na habari ya Kijivu. Bila Kijivu watadhani mimi nilizaliwa na akili.

Milembe anakula?

Nyanjige Mihayo


Morogoro, 11 Aprili 2025

Shangazi,

Nimetetea jana. Nimefaulu.

Miezi minne nimetikisa chupa. Katika chupa nzima unapata seli chache kabisa, unaziweka kwenye barafu, unakwenda ya pili, ya tatu, mpaka mikono inakufa ganzi. Mara ya kwanza nilitikisa kwa nguvu, zikaachia hata zisizo tayari, nikamwaga kazi ya wiki. Nilijifunza kutikisa kama unavyopepeta mchele wenye mawe machache. Damu ya ndama niliipima kwa tone. Hakuna iliyomwagika hovyo, kama ulivyoniomba.

Na matokeo ni haya. Hakuna kilele. Seli ikizaliwa, jiko dogo linawaka. Seli inavyokua, moto nao unakua, pole pole, mpaka mwisho unakuwa kama mara mbili ya mwanzo, kwa sababu sasa unalisha seli mbili. Na nilichokipenda kuliko vyote ni hiki. Saa ile ya kugawanyika, seli yote inapokuwa imejikunja na jiko kubwa limepunguza kazi, jiko dogo halizimiki. Linaendelea kupika ndani ya nyumba inayokatwa vipande viwili. Niliikuta hiyo mara ya kwanza saa kumi alfajiri, hakuna mtu maabara, nikasema kwa sauti, "Hongereni." Niliziambia seli, shangazi. Usimwambie Apolonia.

Mmoja wa watahini alisema matokeo haya si ya kushangaza. Dk. Selestini akamjibu kwamba ni ya kweli, na akatabasamu. Nimeona meno yake kwa mara ya kwanza. Nafasi nyingine ya uzamivu sijui itapatikana lini. Nimeomba tena, nangoja.

Nimeweka ndani ya bahasha karatasi ya mstari wenyewe. Ni yako. Samahani kwa ng'ombe uliyempa jina la kitu ambacho hakipo.

Milembe wako


Mwandoya, 26 Aprili 2025

Milembe mwanangu,

Karatasi imefika, haijakunjamana. Niliitandaza mezani tukaiangalia na Januarius. Mstari mzuri, unapanda kama njia ya kwenda kwa mtu unayemfahamu. Pale mwisho nilipoona hauanguki, wakati seli inapasuka, niliweka kidole nikakiacha hapo. Nilizaa watoto wanne na kila mara uji ulipikwa siku hiyohiyo, na aliyeupika ni mimi. Mtahini aliyesema si ya kushangaza, huyo hajawahi kuzaa.

Jumapili nilisimama kwenye matangazo kwa mara ya tatu. Paroko ameanza kunitazama akiniona nainuka. Niliwaambia sasa wiki imepita, na jibu ni kwamba hakuna saa maalumu, lile jiko dogo linawaka tangu mtoto anazaliwa mpaka anakuwa wawili. Apolonia alisema hilo analielewa kuliko lile la kwanza. Vigelegele vilikuwa vingi kuliko Septemba.

Usiombe samahani kwa ajili ya Kilele. Tangu siku ya nane anatoa vikombe vinne asubuhi na vinne jioni, hapandi, hashuki, ukutani mistari yake imelala sawasawa kama nyuzi za kitanda. Ni ng'ombe bora niliyewahi kuwa naye tangu Kijivu. Jina nimemwachia. Akizeeka, ndama wake atarithi.

Karatasi yako sikuibandika, panya wangeila. Nimechukua mkaa nikaunakili mstari wote ukutani, upande wa Kilele, kuanzia chini mpaka ulipofika. Umepinda kidogo pale katikati, utaniwia radhi. Mwezi wa saba tunapiga kuta udongo mpya, kama kila mwaka, na mistari yote inafutika tunaanza upya. Januarius nimemwambia aanzie mlangoni, na akifika kwenye mstari wako aweke ndoo chini, asiuguse.

Shangazi yako,
Nyanjige